Akiba Inayooza: Tadbiri ya Mboga Kabla ya Mwezi wa Idd Kuandama

Mhadhara uliosomwa mjini Garissa katika siku za mwisho za Shaabani



Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, na neno lao ni la kweli kwa fedha iliyofungwa pembeni mwa leso, kwa nafaka iliyokauka ghalani, na kwa wema ambao mtu amewatendea majirani zake. Walakini kila mwenye kuwapikia watu arobaini siku ya Idd katika mji huu anajua kwamba iko akiba moja ambayo huoza, tena huoza kwa usiku mmoja, nayo ni mboga. Mchele hungoja, samli hungoja, mbuzi aliyefungwa uani hungoja hata saa ya kisu. Bali jani la sukumawiki lililochumwa alfajiri kando ya mto Tana, likiachwa kwenye kikapu juani, adhuhuri hulikuta limekwisha nyauka. Kwa hiyo nimeona niseme nanyi leo, ungali umebaki muda wa kutosha, juu ya tadbiri ya mboga za Idd: zipi zitayarishwe mapema, zipi zisiguswe hata dakika ya mwisho, na kwa sababu gani. Iwapo yuko atakayeliona jambo hili kuwa dogo mno kwa mhadhara, namwomba anisubiri, kwani ndani yake imo afya ya wageni wetu, imo mali yetu isipotee bure, na imo haki ya mama wa nyumba kuiona Idd yake.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na nimeishi Garissa miaka mingi nikifundisha watoto wa kike mapishi na ulezi wa nyumba. Nilipofika hapa nilikuta ujuzi wa kuhifadhi chakula ambao sisi watu wa pwani hatukuwa nao, ujuzi wa nyirinyiri. Wengi wenu mmeiona mikononi mwa mama zenu: nyama ya ngamia au ya ng'ombe hukatwa vipande vyembamba virefu, huanikwa hata ikakauka, kisha hukatwakatwa vidogo vidogo, hukaangwa mpaka tone la mwisho la maji limetoka, na mwishowe huzamishwa katika samli ndani ya chombo chenye kifuniko madhubuti, ikakaa miezi pasi na kuharibika. Huo ndio uliokuwa msaada wa msafiri na wa mchunga katika nchi ambayo kisima na kisima vimeachana mwendo wa siku kadhaa. Tazameni hikima yake: mama wa Kisomali, bila ya kufundishwa na mtu yeyote kwamba viko vijidudu visivyoonekana kwa macho, alitambua kwamba uharibifu wa chakula wataka maji na wataka hewa, akayaondoa maji kwa jua na moto, akaizuia hewa kwa samli. Basi aila iliyoijua kanuni hii kwa nyama haistahili kushindwa na mboga. Kinachotakiwa ni kuihamisha kanuni ile ile kutoka chungu hiki hata chungu kile, kwa hadhari ambayo nitaieleza mahali pake.

Tuanze na kujua mboga ni kitu gani. Jani au tunda lililochumwa halijafa. Lingali likipumua, likila sukari yake lenyewe, likitoa joto na kupoteza maji, na halina tena mzizi wa kulipa badala ya kilichotoka. Wataalamu wamepima kasi ya pumzi hiyo wakaona kwamba aghalabu huongezeka mara mbili, pengine mara tatu, kwa kila digrii 10 za joto zinazozidi. Maana yake ni kwamba kabichi iliyokatwa asubuhi ya baridi kule Limuru, penye digrii 15, ikipakiwa lorini na kuletwa Garissa, ambako katika miezi ya jilaal, yaani kiangazi kikavu, joto la mchana mara nyingi hupita digrii 35, itakuwa ikijila yenyewe kwa kasi ya mara nne au zaidi. Mboga nyingi tunazozikuta Soko Mugdi zimesafiri njia hiyo, takriban kilomita 370 kutoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi; na zile ziendazo Wajir huongezewa zaidi ya kilomita 300 nyingine. Ziko kadhalika sumu za ujirani: ndizi, maembe na nyanya ziivapo hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huyafanya majani yageuke manjano upesi, kwa hiyo si busara kuweka sukumawiki na mkungu wa ndizi katika chumba kimoja. Viazi navyo havipendi kukaa pamoja na vitunguu, kwani huchipua na kulowa; na vikiachwa mwangani hugeuka rangi ya kijani na kuzaa ndani yake sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

Sasa nije kwenye tatizo ambalo ni letu hasa sisi Waislamu, nalo halimo katika vitabu vya mapishi vya nchi nyingine. Wenzetu wanaosherehekea Krismasi huijua siku yao mwaka mzima kabla haijafika. Sisi, Idd al-Adha twaijua siku tisa mbele, kwa kuwa ni ya kumi Dhul-Hijja na mwezi umekwisha kuandama. Ama Idd al-Fitr, hatuijui illa jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, jua likisha kuchwa, macho ya watu yakiwa angani na masikio yakiwa kwenye redio yakingoja tangazo la Kadhi Mkuu. Ukionekana mwezi, kesho ni sala na wageni. Usipoonekana, kesho ni funga ya thelathini, na karamu imesogea mbele siku nzima. Ni nani basi awezaye kukata mboga leo kwa ajili ya kesho ambayo huenda isiwe kesho?

Nami naweza kulisema hili kwa uchungu, kwa sababu lilinipata. Mwaka mmoja, nilipokuwa bado mgeni katika mji huu, mchana wa ishirini na tisa nilikata nyanya, matango na vitunguu vya kachumbari ya watu thelathini, nikatia chumvi na ndimu, nikafunika beseni kwa kitambaa safi, nikiwa na yakini moyoni kwamba mwezi utaonekana. Magharibi ikaingia, isha ikasaliwa, na habari ikaja kwamba mwezi haukuonekana. Chumvi niliyoitia iliyavuta maji yote ya tango na nyanya, joto likafanya yaliyobaki, na asubuhi ya pili nilipofunua beseni nilikutana na harufu ya chachu. Niliimwaga kachumbari yote katika mwezi ule ule ambao jirani yangu alikuwa akifungulia maji na tende. Dini yetu imetukataza israfu, na siku ile nilifahamu kwamba mtu aweza kuwa mbadhirifu kwa kukosa tadbiri, hata asipokuwa na nia ya ubadhirifu.

Tokea siku ile nimezigawa kazi za mboga katika daraja tatu, na ndizo ninazowafundisha wanafunzi wangu: daraja ya kwanza hutendwa kabla ya mwezi, ya pili hutendwa baada ya mwezi, na ya tatu hutendwa baada ya sala.

Daraja ya kwanza, ile ya kabla ya mwezi, ni ya vitu ambavyo kucheleweshwa kwa Idd siku moja hakuvidhuru chochote. Kuanzia siku ya ishirini na tano hivi mtu anunue vile vinavyongoja vikiwa vizima: vitunguu maji vilivyokauka shingo, viazi vikavu visivyo na jeraha, maboga, kabichi ambayo majani yake ya nje hayajabanduliwa, kwani hayo ndiyo nguo yake, na matikiti yanayolimwa hapa hapa kando ya mto. Anunue siku hizo, na asingoje usiku wa mwisho, ambapo mji mzima umemiminika sokoni na kila kitu kimepanda bei. Kisha aingie jikoni akaange vitunguu vya kutandaza juu ya bariisi, wali wa Kisomali, na vya kutia rangi ya pilau: vikatwe vyembamba sawasawa, vikaangwe kwa moto wa wastani mpaka viwe vya hudhurungi na vikavu, vichujwe mafuta, viachwe vipoe kabisa, ndipo vifungiwe katika mkebe. Vikitiwa vingali na moto, mvuke wao wenyewe hugeuka maji na kuviharibu. Vikitiwa vimepoa na kukauka, hukaa siku kadhaa vikilia kama majani makavu. Hiyo, akina mama, ndiyo nyirinyiri ya kitunguu. Katika daraja hii ziingie pia achari ya ndimu na ya maembe mabichi, ambayo sisi wa pwani hatukai kwenye sinia bila yake, na bisbaasi ya pilipili iliyosagwa kwa siki na chumvi. Maana ukali wa siki na wa ndimu ni mlinzi mwingine, vijidudu vingi haviwezi kuishi ndani yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameisifu siki miongoni mwa vitoweo, na jikoni sifa hiyo ina ushahidi wake kila siku.

Hapa ndipo mahali pa ile hadhari niliyoiahidi. Si kila kilichozamishwa mafutani kimehifadhika. Nyirinyiri husalimika kwa kuwa nyama imekwisha kaushwa kabla ya samli kuifunika. Lakini wako wanaotwanga vitunguu saumu vibichi, wakavimiminia mafuta, wakaviacha kwenye kabati siku nyingi wakidhani wamefuata kanuni ile. Kitunguu saumu kibichi kina maji ndani yake na hutoka na udongo. Katika udongo huo mna kijidudu kinachopenda mahali pasipo hewa, ambacho huko chini ya mafuta huzalisha sumu ya kupooza mwili, sumu isiyo na harufu wala ladha. Saumu na tangawizi mbichi zitwangwe kwa ajili ya siku moja au mbili, nazo ziwekwe penye baridi ya barafu. Asiye na jokofu na azitwange usiku ule ule wa mkesha.

Daraja ya pili ni ya baada ya mwezi. Likisha kutoka tangazo, nyumba ina usiku mzima mbele yake, nao ndio usiku wa kisu. Viazi vimenywe, vikatwe, vizamishwe katika maji baridi yenye chumvi kidogo, kwani hewa ndiyo inayovitia weusi. Karoti na pilipili hoho za suqaar, ile nyama ya vipande vidogo, zikatwe vipande vidogo vya kadiri moja ili viive pamoja, zisioshwe tena baada ya kukatwa, zifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu na kuwekwa penye ubaridi. Mwenye kutaka karoti yake ibaki na rangi nzuri mchana wa pili, na aitose dakika mbili katika maji yanayotokota, kisha mara moja katika maji baridi, aikaushe. Kwa njia hiyo huvizima vile vimeng'enya vya ndani vinavyoiharibu. Sukumawiki na kabichi, bora zioshwe, zikung'utwe maji, zifungwe nguoni zikiwa nzima, maana kila mkato wa kisu ni jeraha, na kila jeraha ni mlango. Shina la dania lisimamishwe katika bilauri ya maji kama ua. Ama aliyetangulia akakata kabla ya tangazo, na mwezi usionekane, asitupe: mboga hizo zipikwe ziwe futari ya siku ya thelathini, na sahani moja ivuke ukuta kwenda kwa jirani.

Daraja ya tatu ni ya vile visivyosubiri, navyo ni kachumbari, tango, saladi na ndizi za kumenya. Hivi havina ila saa moja. Nyanya ikatwe watu wakirudi kutoka uwanjani, chumvi na ndimu zitiwe sinia likiwa njiani kwenda kwa wageni. Kinachoweza kutangulizwa ni kitunguu chake tu, ambacho hukatwa, husuguliwa kwa chumvi na kuoshwa ili ukali upungue.

Mtaniuliza, na ubaridi wautoa wapi mtu asiye na jokofu, au ambaye umeme wake hukatika? Jawabu liko katika mtungi. Maji yanapopenya udongo na kukaushwa na upepo, huondoka na joto, ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi mchana wa jua kali. Na katika hili Garissa ina neema ambayo Lamu haina, kwa kuwa kule hewa imejaa unyevu wa bahari na maji hayakauki upesi, ilhali hapa upepo mkavu huyanywa. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitia chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga mbichi kati yake, akafunika kwa kitambaa kilicholowa, na mboga zilizokuwa zikiharibika kwa siku chache zikakaa siku nyingi zaidi. Kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Vyungu viwili, mchanga wa lagha (mkondo mkavu), na kivuli penye upepo: hakuna nyumba katika mji huu isiyoweza kuvipata. Lakini chungu hicho ni cha mboga mbichi tu. Chakula kilichopikwa kisiachwe humo, kwani ubaridi wake hautoshi. Chakula kilichokwisha iva ama kiwe cha moto kabisa ama kiwe penye baridi ya barafu, na kikikaa katika vuguvugu zaidi ya saa mbili si amana tena.

Na madhali nimetaja amana, nitaje maji. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mnamo Oktoba 2022 ulifika kaunti yetu na kambi za Dadaab, na hakuna anayehitaji kukumbushwa ugonjwa huo ulivyo. Mboga ya kuliwa mbichi isioshwe kwa maji ya mto hivi hivi. Ioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo chake. Aidha, Idd al-Adha ina hatari yake mbali, kwa kuwa nyama mbichi huingia nyumbani kwa wingi baada ya sala, na kisu kilichokata ini huenda papo hapo kikakata nyanya. Tadbiri hapa ni nyepesi: mboga za kupikwa zikatwe siku ya Arafa, ubao uwe safi na nyama ingali haijafika, na kachumbari iwe na kisu chake na ubao wake ambao nyama haiujui.

Yako mambo ambayo jiko peke yake haliyawezi. Mnamo Novemba 2023 Tana ulipofurika na barabara ikakatika pale Madogo, ng'ambo ya mto, tuliona jinsi mji mzima unavyotegemea uzi mmoja wa lami, ilhali ndugu zetu Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya, pamoja na Wasomali wengi walioshika jembe, wanalima ukingoni mwa mto huo huo. Nawaomba wakulima wetu waihesabu Idd katika kalenda yao ya kupanda. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Idd husogea nyuma kila mwaka, na katika miaka takriban 33 huzunguka misimu yote: jilaal, gu', hagaa na deyr. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne, nyanya kwa miezi mitatu hivi, vitunguu kwa miezi minne au mitano. Mwenye kuhesabu kurudi nyuma toka mfungo mosi atajua siku ya kutia mbegu, na mji utakula mboga iliyosafiri kilomita tano badala ya mia tatu na zaidi.

Nimebakisha neno moja, nalo ndilo lililonisimamisha hapa. Umm Atiyya, radhi za Mungu ziwe juu yake, amepokea hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume aliamuru wanawake watoke kwenda kwenye sala ya Idd, wanawali na waliomo ndani, hata wasioweza kusali wakati ule wahudhurie kheri na dua. Je, ni wangapi katika nyumba zetu wanaosikia takbiri kwa mbali, mikono yao ikiwa ndani ya beseni la viazi? Mama yule hakuzuiwa na mtu. Amezuiwa na kazi ambayo ingeweza kumalizwa jana, tena na mikono zaidi ya miwili. Kumenya kiazi hakumpunguzii mwanamume heshima yake, na kijana awezaye kumchuna mbuzi hawezi kudai kwamba karoti imemshinda.

Kwa hiyo nawausia hivi. Ramadhani ikiingia, kila nyumba na iandike karatasi yake ya daraja tatu, na iibandike ukutani jikoni, na mbele ya kila kazi liandikwe jina la mtu, liwe la mama, la baba, la binti au la mvulana. Vitunguu vikaangwe kabla ya mwezi, viazi vimenywe baada ya mwezi, nyanya ikatwe baada ya sala. Na katikati ya hayo, saa ya sala ikifika, kisu kiwekwe chini, moto upunguzwe, mlango ufungwe, na nyumba nzima itoke pamoja kwenda uwanjani.